Kigwe Nje ya Kilima

Nyoka ambaye wataalamu walisema anaishi kwenye kilima kimoja tu duniani tulimkuta sehemu nyingine nne ndani ya majuma matatu, na zote nne mtafiti alikwenda na mimi. Sikujua wametokea wapi. Wa sehemu moja kati ya hizo nne sijui mpaka leo.

Sisi wachukuzi wa mawe tunamwita kigwe, kwa kuwa ni mwembamba kama kigwe cha suruali. Urefu wake ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mgongo una rangi ya udongo uliolowa, tumbo ni la njano. Hang'ati. Ukimfunua chini ya jiwe anajikunja, anaficha kichwa, anangoja uondoke. Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa namfunua na kumfunika, wala sikujua kwamba kuna watu wanaosafiri siku nzima kuja kumtazama.

Nilianza kumheshimu zilipokuja habari za mashine, miaka kumi iliyopita. Kampuni moja ilitaka kukisaga kilima chote kiwe kokoto. Ofisi ya ardhi ikakataa: kigwe yuko hapo peke yake, wamebaki wachache, mashine zisipande. Sisi wa mikono tukaachiwa upande wa chini, tuchukue mawe bapa yaliyolala juu ya ardhi tu, kwa kibali, na kwa sharti kwamba kila jiwe lioshwe mtoni kabla halijapanda lori, lisije likabeba yai wala mnyama. Kwa hiyo nilikuwa nakula kwa mgongo wa nyoka. Kigwe akikaa hapo peke yake, mimi nina kazi. Hilo nililielewa, na lilikuwa jepesi kulielewa.

Mtafiti alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, buti kubwa kuliko miguu, miwani imeshikizwa kwa uzi. Mtaani walimwita Daktari, na kwa jina hilo akina mama wakawa wanampelekea watoto wenye kikohozi. Aliwarudisha kwa heshima. Siku moja nilimsikia na mama mmoja mlangoni.

"Sasa wewe ni daktari wa nini?"

"Wa nyoka, mama."

"Nyoka nao wanaumwa?"

"Wanaumwa, na wanakwisha."

"Basi wana bahati, wamepata daktari wao. Zahanati yetu haina hata mmoja."

Alinichukua mimi kwa kuwa nilikuwa na kibali na mikono iliyozoea. Kazi yangu ilikuwa kufunua mawe, yake kuhesabu na kupima. Tulikwenda hivyo miezi miwili, kisha akaniuliza, "Mzee, hujawahi kumwona nje ya kilima?"

Nikamwambia kwamba mlinzi wa shule aliwahi kuniambia ameua mnyoo mwenye macho kwenye njia ya madarasani. Daktari akaacha kuandika. "Twende," akasema, wala hakumalizia chai yake.

Njia ile ya shule niliitandika mimi na shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, miaka tisa iliyopita. Sikuficha. Nilimwambia pale pale getini kwamba mawe haya yametoka kilimani.

"Mliyaosha?"

"Yote. Ndiyo sharti la kibali."

"Pande zote?"

"Daktari, nimeosha mawe mengi kuliko sahani alizoosha mke wangu."

Akacheka, akaandika. Jiwe la sita tukamkuta kigwe. Jiwe la kumi na tisa tukamkuta jike mwenye mayai tumboni. Daktari akakaa chini katikati ya njia, mwalimu mmoja akatoka mbio na kikombe cha maji akidhani amezimia.

"Unajua maana yake, mzee?"

"Hapana."

"Walikuwepo siku zote. Walikuwa chini kabisa, hakuna aliyewaona kwa sababu huku juu hapakuwa na mawe ya kujifichia. Ninyi mmewapa paa, wakapanda."

Nilifurahi. Mtu akikwambia umewapa wengine paa unafurahi, hata kama hao wengine ni nyoka.

Juma lililofuata tukaenda zahanati, kwenye uwanja wa kungojea wagonjwa. Vigwe watano. Kisha nyumba ya wageni ya karibu na soko, ua wa nyuma wanapoanika mashuka. Vigwe watatu, na mwenye nyumba akatuomba kwa kunong'ona tusitamke neno nyoka mbele ya wageni, tuseme tunatafuta bomba lililopasuka. Kote huko mawe yalikuwa yangu, yameoshwa.

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuuma. Nimeishi mji huu tangu kuzaliwa. Nimechimba vyoo, misingi na makaburi ya watu wangu. Majirani zangu wamechimba visima. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutoa kigwe kwenye shimo. Kama walikuwa chini siku zote, walikuwa chini kiasi gani? Nilimuuliza Daktari, akanieleza habari za nyufa na unyevu na mchwa. Alieleza vizuri. Wakati anaeleza nilielewa, alipomaliza sikuelewa tena.

Habari ya sehemu ya nne ililetwa na fundi bomba mmoja. Alisema amewaona wawili kwenye tangi la maji la zamani, upande wa pili wa mji, mwendo wa saa nzima kwa lori. Tukaenda, tukawakuta. Kuzunguka tangi kuna mawe bapa, lakini yamefunikwa na kuvu na saruji iliyomwagika, huwezi kujua ni ya wapi. Sikuyatambua. Daktari aliimba njia nzima wakati wa kurudi. Hana sauti.

Kesho yake shemeji alinikuta mtoni naosha mawe. Hakushika hata moja. Alisimama juu ya ukingo, mikono mfukoni.

"Shemeji, hongera. Mashine zinakuja."

"Si zilikatazwa?"

"Zilikatazwa kwa kuwa nyoka wako alikuwa na nyumba moja. Sasa anazo tano, tajiri kuliko mimi na wewe. Karani wa ofisi ya ardhi kaniambia, Daktari akipeleka tu ripoti yake, kilima kinaachiwa. Mimi nimeshaandikisha jina. Tingatinga."

"Hujui kuendesha tingatinga."

"Nitafundishwa."

"Na mimi umeniandikisha?"

Akanitazama mgongo. "Wewe na mgongo huo? Wanataka watu wanaoinama na kunyooka siku hiyo hiyo."

"Kazi hii nimekufundisha mimi."

"Ndiyo, na nimehitimu."

Nikabaki na jiwe mkononi, maji yananipita miguuni. Kila kigwe niliyemfunua nilikuwa najing'olea kibali changu mwenyewe, tena nikicheka na mtafiti. Nikaenda kumuuliza Daktari kama ni kweli. Akasema ni kweli kwamba ripoti ina uzito, lakini yeye haandiki kwa ajili ya mashine wala kwa ajili yangu. Anaandika alichokiona. "Na tumeona, mzee. Mimi na wewe tumeona kwa macho." Hilo nalo lilikuwa kweli. Nikarudi nyumbani.

Siku tatu baadaye, saa nne asubuhi, nikasikia sauti ya mke wangu kutoka bafuni uani.

"Baba watoto! Njoo umchukue mwenzako!"

Nikamkuta amesimama juu ya ndoo, kanga imeshikwa kwa meno, povu kichwani. Kigwe alikuwa amejikunja kando ya sabuni.

"Mtoe. Na usinieleze kwamba hang'ati."

"Hang'ati."

"Nimekwambia usinieleze! Kwa hiyo na bafu langu nalo mtaliweka kwenye ramani? Daktari atakuja kunihesabu na mimi?"

Nilimshika, nikamtia kwenye kopo. Sakafu ya bafu ile niliitandika mwezi uliotangulia kwa mawe kumi na manne yaliyobaki kwenye mzigo. Ardhi ile mimi mwenyewe niliilima robo mita kwenda chini kabla ya kutandika, na hapakuwa na kitu ila udongo mkavu na kifuniko cha sufuria. Sasa kigwe huyu kapanda kutoka wapi, kwa mwezi mmoja?

Nikaanza kuzunguka bafu. Nyuma ya ukuta kulikuwa na rundo la mabonge ya majani.

Hapa lazima nieleze tunavyopakia. Jiwe bapa halilazwi kwenye lori, linasimamishwa, moja nyuma ya jingine kama vitabu. Yakigusana yanasuguana na kupasuka njiani. Wengine wanatia magunia katikati, lakini magunia yanateleza. Sisi tunakata mabonge ya majani na udongo wake, mapana kama mto wa kulalia, tunabana katikati ya mawe. Nilifundishwa na baba yangu. Tangu nianze, nimevunja mawe machache kuliko mchukuzi yeyote. Tukifika tunatandika mawe, na mabonge tunayasukumia kwenye nafasi kati ya jiwe na jiwe, majani yanaota, panapendeza. Wateja walikuwa wanalitaka hilo. "Mtuwekee na yale majani," walisema. Na mabonge tulikuwa tunayakata palepale kilimani, mahali jiwe limetoka, kwa kuwa hapo udongo una unyevu na unashikana.

Nikachukua bonge la kwanza nikalipasua kwa mikono. Mizizi. La pili, mizizi. La nne lilikuwa na maganda ya mayai, membamba, marefu kama punje za mchele. La tano lilikuwa na kigwe mzima, amelala, amejiviringa katikati ya udongo kama mtu aliye nyumbani kwake.

Nikakaa chini. Mke wangu akatoka, povu limeshakauka masikioni.

"Umeona nini?"

"Ni mimi niliyewaleta."

"Umewaleta wapi?"

"Kote."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Sasa utamwambia Daktari?"

"Nikimwambia, wanafuta kibali. Hakuna atakayeniruhusu kukata bonge tena."

"Na usipomwambia?"

"Mashine zinapanda. Kibali kinakufa vilevile."

"Kwa hiyo ukisema unakosa, usiposema unakosa?"

"Ndiyo."

"Basi ukisema, angalau kilima kinabaki."

"Kinabaki kwa nani?"

Akafikiri. "Hilo mimi sijui. Mimi najua bafu. Toa hayo mabonge hapa."

Nilikuwa karibu kuondoka kwenda kwa Daktari nilipokumbuka tangi. Tangi ndilo lililonivuruga. Kama vigwe wa tangini si wangu, basi huenda Daktari alikuwa amesema kweli, kigwe yuko chini ya ardhi mji mzima tangu zamani, na mabonge yangu yameongeza tu wengine juu ya waliokuwepo. Ningekwenda kukiri kosa ambalo si kosa, na kumharibia mtu kazi yake kwa ukweli nusu. Lakini kama ni wangu, basi hakuna kigwe hata mmoja nje ya kilima ambaye hakupanda lori langu.

Nikamtafuta shemeji. Nilimkuta kwa kinyozi, shingo imefunikwa kitambaa.

"Tangi la zamani, tulipeleka mawe?"

"Hatujawahi." Alijibu kabla sijamaliza.

"Nilipougua mgongo nikalala miezi miwili, ulikuwa unapeleka peke yako."

"Nilipeleka huku na huku. Tangini sikupeleka."

"Apa."

"Siapi kwa ajili ya mawe. Kinyozi, endelea."

"Shemeji, nitazame."

"Nikikutazama huyu atanikata sikio."

Kinyozi akacheka. Mimi sikucheka. Nilitaka kumwamini, na sikuweza. Yeye alitaka vigwe wa tangini wawe wa tangini ili mashine zipande. Labda alisema uongo. Lakini mtu anayetaka kitu anaweza pia kusema kweli. Hatukuwa na daftari. Mizigo tuliiweka kichwani, na miezi ile miwili imo kichwani mwa shemeji, si mwangu.

Nikaenda tangini peke yangu. Majani ya kilimani yana ukingo mwekundu. Pale tangini yapo. Nikashangilia, kisha nikaangalia barabarani, nako yapo, na kwenye ukuta wa jirani yapo, kwa kuwa mbegu zake zinapeperuka. Nikakwangua jiwe moja kwa kisu mpaka likatoa rangi. Kijivu. Mawe yetu ni ya kijivu. Mawe ya watu wengi ni ya kijivu. Nilikaa hapo mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Daktari alipanga chumba nyuma ya duka la madaftari. Kitanda, meza, chupa za vigwe waliokufa ndani ya spiriti, na ramani ukutani yenye pini tano nyekundu. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea. Ripoti ilikuwa kwenye bahasha, juu ya kitanda.

Nikaweka bonge mezani, nikalipasua mbele yake. Sikuanza na maneno. Maganda ya mayai yakamwagika juu ya karatasi.

"Hili limetoka wapi?"

"Kwangu. Kabla ya hapo, kilimani. Tunabania mawe yasipasuke."

Aliokota ganda moja. "Hukuniambia habari za majani."

"Uliniuliza mawe. Mawe tunaosha."

"Mnayakata wapi hasa?"

"Chini ya jiwe linapotoka. Udongo unashikana."

"Ndipo wanapotaga." Akavua miwani. "Mnasugua jiwe pande zote, halafu mnalifunga kwenye kitanda cha mayai."

"Yasipofungwa yanapasuka."

Alianza kucheka, na kicheko hakikuisha kama kilivyoanza. Nikatazama chupa. Sijui la kufanya mwanamke anapolia, hata mke wangu huwa ananifukuza.

"Kazi ya miaka mitatu, mzee. Nilikwishawapigia simu walimu wangu."

"Pole."

Akaenda kwenye ramani, akatoa pini ya shule, ya zahanati, ya nyumba ya wageni. Mkono ukasimama kwenye ile ya tangi.

"Na hii?"

"Sijui."

"Ni ndiyo au hapana. Kama si ninyi, kigwe ana nyumba ya pili, na hata hao wengine inabidi niwafikirie upya."

"Ningejua ningekwambia. Nilikuwa mgonjwa. Shemeji anasema hapana, na shemeji ameandikisha jina kwenye mashine."

"Kisia basi."

"Nikikisia, utaandika?"

Akatazama bahasha.

"Basi sikisii."

Alitoa ile pini, akairudisha, akaitoa tena. Nilipoaga alikuwa bado ameishika, na bahasha ilikuwa imechanwa.

Alikuwa mwaminifu, aliandika yote, na mabonge pia. Ofisi ya ardhi ikakifunga kilima kwa wenye mashine na kwa sisi wa mikono. Watu wananiuliza kama nilifanya vyema. Siku nyingine nasema ndiyo. Siku nyingine napita tangini, natazama yale mawe, na siwezi kusema kama niliokoa kilima au nilimnyang'anya nyoka nyumba yake ya pili kwa kutokuwa na jibu.

Hasara yake ni hii. Kibali kimefutwa, na kazi ya miaka ishirini na miwili imekwisha. Lori limesimama uani miezi saba, matairi mawili yamekaa chini. Shemeji alizifuata mashine mji mwingine, na tangu hapo hajampigia dada yake simu. Mawe niliyatandika kwa mikono na nimeyang'oa kwa mikono ili vigwe watolewe: shule mia mbili na kumi, zahanati tisini na sita, nyumba ya wageni sitini na matatu, bafu la mke wangu kumi na manne. Wanafunzi wanapita kwenye matope, na wagonjwa pia. Daktari ameanza upya mwaka wa kwanza. Tangini tumechimba siku kumi na moja, na kwenye karatasi pameandikwa haijulikani. Vigwe tuliowatoa chini ya mawe yangu ni ishirini na saba. Kuwarudisha kilimani kumekatazwa, kwa hofu kwamba wameokota ugonjwa huku kwetu. Wamewekwa kwenye masanduku ya kioo. Wanane wamekufa. Wamebaki kumi na tisa.